Nambari Chini ya Kutu

Jumapili, 2 Novemba

Mvua bado. Mawingu yamekaa juu ya mlima wa Sagala tangu asubuhi, lakini huku chini, mtaani kwetu Kaloleni, ni joto na vumbi tu.

Pikipiki ya Babu imefika leo kutoka Wusi, imelazwa juu ya magunia ya kabeji kwenye pikapu. Nyanya Elsie, dada yake Babu anayekaa kwenye boma la zamani kule mlimani, juu ya Mwatate, alipiga simu juzi akasema zizi la mbuzi limeanza kuinama na "hicho chuma chenu kiondoke kabla hakijaua mbuzi wangu."

Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikipanda juu yake mle zizini. Nilisafiri nayo hadi Taveta, hadi Mombasa, hadi Japani kwenyewe, huku mbuzi akitafuna upindo wa gauni langu. Niliyoikumbuka ilikuwa kubwa. Iliyoshushwa leo ni ndogo na nyembamba, tangi limeliwa na kutu upande mmoja, na kiti kimebaki springi tupu. Lakini harufu ni ile ile ya mbuzi. Nilisimama nikainusa mpaka dereva wa pikapu akanitazama.

Babu alitoka na fimbo yake, akaweka mkono juu ya tangi. Zamani alikuwa afisa wa mifugo. Alipokuwa akipanda mlima na hii Yamaha, amebeba dawa za ng'ombe, watoto walikuwa wakiisikia kutoka mbali na kukimbilia barabarani.

"Inaweza kupona, Babu?" nikamuuliza.

Akanijibu kwa maneno ambayo nimeyasikia tangu nizaliwe. "Fremu ni yangu. Injini si yangu. Injini yangu iko kwa Festus."

Festus ni mdogo wake, anakaa Mwatate. Walikosana kabla Baba hajazaliwa. Kwenye mazishi wanakaa pande mbili za kanisa, na wajukuu tunajua tukae upande gani. Lakini leo Babu aliongeza jambo ambalo sijawahi kulisikia.

"Siku pikipiki hii itakapopanda Wusi ikiwa na injini yangu ndani, siku hiyo nitamsalimia Festus. Kabla ya hapo, hapana."

Alisema kama mtu anayefunga mlango. Mimi nimesikia mlango unaofunguka. Mjukuu wa Festus ni Shanice, na Shanice ndiye tunakaa dawati moja tangu Fomu Wani. Ndiye mtu pekee shuleni ninayeongea naye bila kwanza kuyapanga maneno kichwani. Sijawahi kuingia kwao, wala yeye kwetu. Mwaka ujao ni Fomu Foo, halafu kila mtu na njia yake.

Nina likizo nzima.

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua bado. Nimefagia kinyesi cha mbuzi kutoka kwenye bomba la moshi.

Jumatano, 5 Novemba

Nimempata fundi. Anaitwa Kilonzo, anatengeneza pikipiki za bodaboda nyuma ya steji yetu. Nilikaa nusu saa nikijifanya nasoma kitabu kabla ya kumsemesha. Tulipoisukuma hadi kwake, vijana wa boda walisimama.

"Hii ni ya Nuhu!" mmoja akasema. "Madam, mlivuka nayo gharika?"

"Nuhu mwenyewe angeiacha nje," akajibu mwingine.

Kilonzo aliizunguka akipiga mluzi. "Mimi hizi za Kihindi nazijua nikiwa nimelala. Hii ya Kijapani lazima niamke." Kisha akaona vipande vya chaki mfukoni mwangu, nilivyookota darasani siku ya kufunga shule. "Na hiyo chaki ni ya nini, Mwalimu?"

Nikamwambia ni ya kusomea nambari. Akacheka, na tangu hapo jina langu ni Mwalimu.

Jumamosi, 8 Novemba

Mvua bado. Upepo mwingi, mchanga kwenye chai.

Hivi ndivyo nilivyosoma. Kila pikipiki ina nambari mbili: moja imegongwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapopita, na nyingine juu ya injini, karibu na mahali inapofungwa kwenye fremu. Tarakimu za mwanzo zinataja aina yake, za mwisho zinataja ni ya ngapi. Kwa kampuni nyingi nambari hizi mbili hazifanani. Lakini Yamaha za miaka ile, kama hii ya Babu, zilitoka kiwandani fremu na injini zikiwa na nambari moja. Kwa hiyo hakuna haja ya kubishana. Chuma chenyewe kitasema kama injini hii ni yake.

Nimesugua shingo kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani. Kutu ikaondoka, rangi ikaondoka, halafu hamna kitu, chuma tu. Nikapitisha chaki kwa ubavu na kufuta juu kwa kidole. Chaki ikabaki kwenye mashimo. Nambari zikatokea nyeupe, moja baada ya nyingine, kama zilikuwa zinangoja kuitwa. Tatu za mwisho: 417.

Kesho injini.

Jumapili, 9 Novemba

Injini pia ni 417.

Nilisoma haraka kabla ya kanisa, magoti yakiwa kwenye changarawe. 417 juu, 417 chini. Nikafikiri: kumbe injini ni yake siku zote, kumbe hakuna aliyeiba, imekwisha.

Wakati wa chakula nikasema mbele ya Mama na Babu. "Babu, injini ni yako. Nambari zinalingana."

Babu aliweka kijiko chini. "Umesoma vibaya."

"Nimesoma vizuri, Babu. Nimetumia chaki."

"Chaki!" Aliniangalia kwa jicho lake moja linaloona vizuri, lile lingine lina ukungu. "Nimeipanda Wusi na injini yangu, na nimeipanda na hii. Hii ilikuwa inapumua kama mzee kwenye kona zile zile. Na wewe unaniletea chaki."

Mama alinigusa mguu chini ya meza. Nikaendelea kula. Lakini nimekaa na wazo baya mchana wote: kwamba labda Babu alihitaji mtu wa kumkasirikia, na mdogo wake alikuwa karibu. Sikuwahi kumfikiria hivyo. Sijui nifanye nini na wazo hilo.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua bado. Babu hajaongea nami ila kuomba chai.

Jumamosi, 15 Novemba

Lazima niandike polepole, nisiruke jambo.

Asubuhi nilipofika kwa Kilonzo, alikuwa amevaa miwani na grenda imeshaanza kulia mkononi. Alikuwa anasafisha fremu ili aipake rangi. Alikuwa amemaliza mkia na mbavu, amebakisha shingo. Cheche zilikuwa zinaruka karibu kabisa na nambari.

Mimi sipigi kelele. Darasani nikiulizwa jambo, mwalimu huniambia nirudie kwa sauti. Leo nilipiga kelele mpaka vijana wa steji wakageuka wote.

"Wacha! Wacha hapo!"

Kilonzo alizima. "Mwalimu, vipi? Umeumwa na nyoka?"

"Hiyo ni nambari! Ukiifuta hii inakuwa chuma tupu. Haina jina."

"Lakini ni chafu."

"Ni chafu, lakini ni yeye."

Kijana mmoja akasema, "Leo Nuhu ana wakili." Wakacheka, lakini Kilonzo hakucheka. Aliangalia shingo ya fremu, akaangalia grenda, akaiweka chini. "Sawa. Hapo utasugua wewe. Mimi sitaki kesi."

Kwa vile nilikuwa na hofu, nikaamua kusafisha nambari ya injini upya pia, ipakwe grisi isipotee. Safari hii injini ilikuwa imetolewa, iko juu ya benchi, na Kilonzo alinimulikia tochi kutoka pembeni. Nikasugua kwa sindano, si mswaki. Kutu ikatoka kwenye tarakimu ya mwisho, kidogo kidogo. Haikuwa saba. Ilikuwa na matumbo mawili. Nane.

418.

Ile Jumapili nilisoma nilichotaka kusoma.

Nilienda kumwita Babu. Alikuja na fimbo yake hadi kwenye benchi. Hata jicho lake zuri halikuweza kuona tarakimu ndogo hivyo, kwa hiyo nilichukua kidole gumba chake nikakipitisha juu ya tarakimu.

"Tulinunua mbili Mombasa siku moja," akasema. "Mimi na Festus. Zilitoka kwenye sanduku moja. Yeye alichagua ya kulia kwa sababu mimi nilichagua ya kushoto."

417 na 418. Ndugu wawili waliofuatana.

"Kwa nini hamkuangalia nambari miaka hiyo, Babu? Zilikuwa hapa hapa."

Alishangaa kweli, kama nimemuuliza kwa nini hakuangalia kitambulisho cha mama yake. "Nani aangalie nambari? Injini yako unaijua kama unavyojua kikohozi cha ndugu yako."

Nilimwomba msamaha kwa ajili ya 417 ile ya uongo. Akasema, "Twende tukanywe chai."

Jumatatu, 17 Novemba

Imenyesha! Imeanza saa nane mchana, matone makubwa kwenye mabati, halafu harufu ya mchanga ikajaa nyumba nzima. Babu alifungua dirisha akakaa karibu nalo. Anasema vuli ya zamani ilikuwa ikikaa Wusi hadi nguo zikaota ukungu, na watu walikuwa wanasalimiana bila kuonana.

Jumapili, 23 Novemba

Shanice anajua. Nilimwandikia kila kitu kwenye simu, ujumbe mrefu kama insha. Akajibu: "Wee! Hiyo injini iko under ya kitanda ya babu. Amefunga na blanketi kama mtoto."

Leo babu yake alipoenda kanisani yeye akajifanya anaumwa na kichwa. Nilimwelekeza kwa simu: mafuta ya taa, mswaki, sindano, chaki. "Kama huna chaki tumia unga." Nilingoja nikiuma kucha. Kwanza ikaja picha ya giza, halafu ya kidole chake, halafu nambari, nyeupe kwa unga wa sima: 417. Niliangalia ile saba mara nyingi sana. Ni saba.

"Na fremu yake iko wapi?" nikauliza.

"Iligongwa na ndovu zamani, babu akaruka. Ndiyo imeshikilia banda ya kuku."

Akaenda akawafukuza kuku. Shingo ya fremu: 418.

Kwa hiyo ni hivyo. Ya Babu iko kwa Festus, ya Festus iko kwa Babu. Babu hakusema uongo. Nimeona haya kwa jinsi nilivyomfikiria.

Jumamosi, 29 Novemba

Nilidhani ukweli ukitoka watu wanakumbatiana. Mimi nasoma vitabu vingi mno.

Nilimwambia Babu leo baada ya chakula cha mchana. Alisimama, akaenda chumbani, akarudi amevaa koti lake la kanisani katika joto hili. "Mpigie huyo msichana. Ampe babu yake simu."

Mama akasema, "Baba, tafadhali, ungoje kwanza."

"Teresia, nimengoja kutosha."

Nilipiga. Shanice alipokea akicheka, nikamwambia usicheke, mpe babu. Babu hajui kushika simu hizi, kwa hiyo niliiweka mezani kwa sauti ya juu.

"Festus."

"Nani?"

"Unajua ni nani. Injini yangu iko chini ya kitanda chako. Nambari yake imesomwa."

Sauti inayofanana kabisa na ya Babu ikasema, "Nani ameingia chumbani mwangu?"

"Mwizi anauliza nani ameingia!"

"Na hiyo iliyo kwako, Ronald? Imesomwa nayo?"

Babu aliniangalia. Akasema kwa sauti ndogo, "Ni yako."

"Basi! Mwizi gani anaiba halafu anaacha yake? Wewe ndiye uliyebadilisha. Ukaona umekosea, ukaanza kupiga kelele ili uwe wa kwanza."

"Mimi? Mimi nibadilishe yangu nichukue ule mkokoteni wako?"

"Mama alikufa akikuomba uache maneno hayo!"

"Usimtaje Mama!"

Simu ikakatika. Babu alibaki amesimama na koti lake, mkono umeshika mgongo wa kiti. Alionekana mdogo, kama pikipiki siku ile iliposhushwa. Nilikuwa nimempa alichokitaka tangu zamani, ushahidi, na ulikuwa umemfanya apungue.

Jioni Shanice aliandika: "Babu amesema nisiongee na wewe tena. Amejifungia na hiyo injini. Pole Mkamburi." Baada ya hapo nikiandika, ujumbe haufiki.

Mvua imenyesha kutwa.

Jumatatu, 1 Desemba

Mvua. Sina la kuandika.

Alhamisi, 4 Desemba

Kilonzo hajui habari za simu, na sikumwambia. Yeye kazi inaendelea. Pistoni ilikuwa imeganda. Tuliiloweka na dizeli wiki mbili, na leo aliigonga kwa kipande cha mbao ikasogea. Tangi tumeliosha kwa kokoto na maji ya ndimu. Plagi mpya, tairi mpya, kabureta ameipuliza kwa mdomo mpaka midomo ikawa myeusi. Injini hii hunywa petroli na oili pamoja, na hilo Kilonzo alilibishia mpaka nikamwonyesha kwenye simu.

Akapiga kiki nyingi. Nikahesabu mwanzoni, nikaacha. Halafu ikakohoa. Halafu ikalia, sauti nyembamba kama ya mashine ya kushona iliyokasirika, na moshi wa bluu ukafunika steji nzima. Wale vijana hawakutaja Nuhu. Mmoja alivua kofia.

Nyumbani kwetu ni karibu, inasikika. Mama ananiambia Babu aliongeza sauti ya redio. Baadaye kidogo akaizima.

Jumatano, 10 Desemba

Nyanya Elsie amekuja. Mama ndiye alimwita. Ameleta parachichi, miwa na baridi ya Wusi kwenye sweta yake. Hakuzungumzia ugomvi. Alikaa kibarazani akimenya mbaazi na mimi, akiuliza habari za shule, naye Babu alikuwa ndani, mlango wazi.

Uani nilikuwa nimetandaza magunia mawili. Kwenye moja kulikuwa na vifuniko vya injini na mnyororo nilivyokuwa nimeosha, kwenye lingine taa na vioo. Nilivitenga ili nisichanganye.

Mvua ya hapa haibishi hodi. Ilishuka yote mara moja. "Vitu vyako!" akasema Nyanya, akatupa ungo, tukakimbia. Yeye alikunja gunia moja na vitu vyake, mimi lingine, tukajikuta jikoni tumelowa, tunacheka. Mvua ilipopungua tukavirudisha nje. Nikaona taa ziko kulia. Awali zilikuwa kushoto.

Nyanya alikuwa bado anacheka. "Kama siku ile na Mama na zile injini."

"Injini gani, Nyanya?"

"Za hawa wawili. Walikuwa wamezitoa zote mbili kuzisafisha, kila mtu na gunia lake pale uani. Wakashuka Mwatate kutafuta gasketi. Mvua ikaja. Mama akasema, 'Elsie, shika huku, vitu vya watoto vitaharibika.' Nilikuwa mdogo, ilinivunja mgongo. Tukaziweka jikoni karibu na moto zikauke. Jua lilipotoka tukazirudisha kwenye magunia."

Niliuliza polepole, kwa maana nilikuwa naogopa jibu lisikimbie. "Mlirudisha kila moja kwenye gunia lake?"

Akaniangalia. "Zilikuwa zinafanana, Mkamburi. Mbili kama mayai. Tuliziweka tu vizuri, tukazifuta, wasijue kwamba zilinyeshewa."

"Hukuwaambia?"

"Niwaambie nini? Waliulizana nani ameiba. Hakuna aliyeuliza kama mvua ilinyesha."

Kisha mkono wake ukasimama juu ya mbaazi. Alikuwa ameelewa. Tuligeuka sote wawili, na Babu alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Hakuwa na fimbo.

"Alizikausha," akasema.

"Karibu na moto," akasema Nyanya. "Alifuta moja moja kwa kanga yake."

Babu akarudi ndani akafunga mlango, taratibu sana.

Jumapili, 14 Desemba

Babu hakwenda kanisani. Alipokunywa chai akasema, "Elsie amwambie Festus kuhusu mvua. Mimi sitaweza kusema vizuri."

Alhamisi, 18 Desemba

Mvua. Ujumbe wangu kwa Shanice umefika. Hajajibu, lakini umefika.

Jumamosi, 20 Desemba

Shanice: "Tunakuja Wusi siku ya Boksin Dei. Babu ameoga blanketi. Yaani ameiosha. Nimechanganyikiwa."

Ijumaa, 26 Desemba

Wusi. Naandika jikoni kwa Nyanya Elsie, na mkono wangu unanuka petroli na mbaazi.

Tulifika asubuhi kwa gari, Kilonzo akitangulia na pikipiki. Alikuwa ameomba mwenyewe, akisema hawezi kutibu mgonjwa na kukosa kumwona akitembea. Kutoka Mwatate barabara inapanda na kona zake, matope mekundu, ukungu. Tulimfuata nyuma. Kwenye kona ya mwisho pikipiki ilianza kupumua kama mzee, hivyo hivyo kama Babu alivyosema, na Kilonzo akashuka akaisukuma huku akiipa moto. Babu aliegemea dirisha. "Unasikia? Unasikia?" akaniambia. Nilisikia.

Festus alikuwa ameshafika. Ni mrefu kuliko Babu, lakini anasimama vile vile, uzito kwenye mguu mmoja. Shanice alikuwa nyuma yake. Hatukukimbiliana. Tulisimama kila mtu kwa babu yake kama kwenye mazishi, na miguuni mwa Festus palikuwa na blanketi safi lenye kitu kizito ndani.

Hakuna aliyeanza. Ukungu ulikuwa unapita kati yao.

Nyanya Elsie alitoka jikoni na kibuyu cha maji. "Mama angekuwepo angewapa haya," akasema. "Hata mchungaji anajua. Ni maji tu. Ronald ni mkubwa, aanze."

Nilikuwa nimesikia habari za kutasa, kuitoa hasira moyoni kwa kupuliza maji, lakini sijawahi kuona. Babu alichukua kibuyu, akajaza mdomo, akayashika yale maji. Mashavu yake yalijaa kama ya mtoto. Kisha akayapuliza nje, yakatawanyika kama mvua ndogo kwenye nyasi, akasema, "Nilikuita mwizi. Nalitoa. Neno hilo litoke moyoni, lisirudi, lisiwafikie watoto." Akapuliza tena.

Festus alipokea kibuyu, naye akapuliza. "Uliniita mwizi nikaona raha kukukasirikia. Nalitoa." Akafuta mdomo kwa mkono. Kisha akamsalimia Babu kwa Kidawida, salamu ya kawaida ya asubuhi tu, kama vile wameamka nyumba moja. Babu akaitikia.

Baada ya hapo Shanice alinirukia mpaka nikaanguka matopeni.

Tulikula. Wazee walikaa upande mmoja na pikipiki katikati yao.

"Lakini nikuulize," Babu akasema. "Hukuona kwamba yako imebadilika? Yangu ilikuwa na nguvu."

Festus alikohoa. "Niliona."

"Uliona!"

"Yangu ilikuwa mvivu tangu tuitoe Mombasa. Halafu ghafla inapanda kama swala. Nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda."

"Ushuhuda?"

"Kwamba Bwana ameigusa."

Babu alianza kucheka bila sauti, mabega tu, halafu kwa sauti, mpaka Nyanya akaja kumpiga mgongo. Festus naye akacheka. Vicheko vyao ni kimoja. Sijui kama walijua.

Kilonzo alikuwa ameshafungua blanketi na kutandaza spana zake. "Haya wazee. Kabla ya jioni nakuwa nimezibadilisha. Mwalimu amenisomesha, nambari zilingane, 417 kwa 417. Mtoto arudi kwao."

Nilikuwa nimengoja neno hilo tangu Novemba. Nilikuwa na chaki mfukoni tayari. Festus akasukuma ile injini kwa mguu kuelekea kwa Babu. "Chukua. Ni yako. Nadhiri yako nimeambiwa."

Babu aliinama, akaipapasa, akatafuta nambari kwa kidole gumba bila msaada wangu, akaipata. Kisha akaangalia uani, pale karibu na mlango wa jikoni, ambapo hapakuwa na kitu, ila nyasi na maji.

"Mama aliziweka hivi," akasema. "Ziache."

Kilonzo alinitazama mimi, kana kwamba nitapiga kelele tena. Nilitikisa kichwa. Akaanza kukusanya spana moja moja.

Jumamosi, 27 Desemba

Babu na Festus wamebishana asubuhi yote kuhusu aina ya oili. Nyanya amewafukuza kibarazani.

Jumapili, 4 Januari

Mvua imekwisha. Sagala iko wazi, kijani mpaka juu. Kesho shule inafunguliwa, na Shanice atapitia kwetu kwanza tuende pamoja. Mama ameshapika mahamri mengi mno.

Ile injini ya 417 imebaki Wusi, jikoni kwa Nyanya Elsie, juu ya gunia karibu na moto. Pikipiki iko hapa kwetu chini ya turubai. Kilonzo ameipaka rangi kila mahali ila shingoni. Jana alimpakia Babu hadi mwisho wa mtaa na kurudi, Babu ameshika kofia.

Jioni hii nilitoa turubai nikapitisha chaki mara ya mwisho kabla ya muhula, kwa ubavu, nikafuta kwa kidole. Babu alileta kiti chake.

"Nisomee," akasema.

"Juu, 417. Chini, 418."

"Soma tena."

Nikasoma tena.